Nyumba Isiyoingia Tangazo

Shemeji yangu ni fundi wa lifti, na kama umewahi kukwama kwenye lifti aliyokuja kuitengeneza yeye, pole sana. Kazi anaijua, hilo sina ubishi nalo. Ila lifti ikikwama na watu ndani, yeye huwa amekaa juu yake akifungua boliti, sauti yake inashuka kupitia kitundu cha hewa, na waliomo hawana pa kukimbilia. Hapo ndipo anapowauliza, "Jamani, wakati tunasubiri, hizo simu mlizoshika ni za nani?"

Mmoja akiponyoka akajibu "Yangu," basi amejipalia makaa. Shemeji ataanza na simu, ataingia kwenye intaneti ya nyumbani, na lifti ikishapona atashuka nao mpaka chini ili amalizie pointi yake. Mhasibu mmoja aliyewahi kukwama hivyo aliniambia siku hiyo alichelewa kikao, lakini aliporudi nyumbani alibadilisha paswedi zote.

Mimi ni mdogo wa mkewe. Naishi nao, nauza mikate dukani, na kazi yangu ya pili isiyo na mshahara ni kumtania Shemeji asije akapaa.

Mtaani wanamwita Huria, kwa sababu ya programu huria. Hizo, kwa asiyejua, ni programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kusoma zilivyoandikwa na kuzibadilisha. Mtengenezaji hana siri. Shemeji hununua simu, hufuta kila kitu ilichokuja nacho kutoka dukani, na kuitia programu za namna hiyo. "Umenunua nyumba," husema, "kumbe aliyejenga amebaki na ufunguo, anaingia kila siku kuchungulia umepika nini. Utakubali? Basi simu ya dukani ndiyo hivyo."

Mimi humjibu kwamba yake ni nyumba isiyo na paa. Tuseme ukweli jamani. Picha aliyonipiga kwa simu ile siku ya mahafali yangu, mama yangu mzazi aliniuliza yule ni nani. Programu ya benki imemkataa katakata, kwa hiyo hupanga foleni kama babu zetu, na hurudi amefurahi maana kwenye foleni kuna watu wa kuwaelimisha. Kuna kipindi simu yake ilikuwa haiwezi kuongea taratibu, sauti yote nje, na ofisi nzima ya mawakili ikamsikia Dada akimwagiza, "Na usisahau dawa ya kuharisha, ile yako." Shemeji hakuona aibu hata kidogo. Aliwaambia mawakili kwamba kasoro hiyo imeshajulikana na kuna mtu anaishughulikia, bure, kwa mapenzi tu.

Hapo hatujagusa mtandao wa nyumbani. Tuna vyumba vitatu na sebule, lakini nyaya tulizonazo zingetosha wizara. Zimepita darini, zimetoboa kuta, zimezunguka fremu za milango. "Waifai ni umbea," husema. "Unasambaa haraka, ukifika chumba cha nyuma haueleweki tena. Waya hausemi uongo." Siku Dada alipoanika soksi juu ya waya wa jikoni, Shemeji alikaa chini akaomba maji. Televisheni ndiyo haiamini kabisa. Ameitenga kwenye mtandao wake peke yake kama mtoto mwenye surua, isije ikasikiliza mambo ya wakubwa.

Na hana uchoyo. Majirani wa kulia na wa kushoto amewapitishia waya juu ya ukuta, wanatumia mtandao wetu bila kuulizwa kitu. Wanachovumilia ni mihadhara tu.

Lakini fahari yake kuu ni Mlinzi. Hicho ni kisanduku kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kinakaa nyuma ya friji na taa ya kijani inakonyeza mchana na usiku. Kazi yake ni kusimama mlangoni mwa mtandao wetu na kukataa matangazo. Shemeji anayachukia matangazo kuliko panya. Husema tangazo ni mpelelezi: linaangalia unachosoma leo, kesho linakufuata, na linajua umeumwa tumbo kabla hujamwambia mkeo. Basi kila tukikaa mezani jioni, husimama akasoma yaliyokatazwa siku hiyo kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. "Leo Mlinzi amekula maelfu!" Nasi tunapiga makofi. Sikufichi, nilipenda. Maisha bila matangazo ni matamu, ukiyazoea unashangaa wenzako wanaishije.

Wala usidhani tukitoka getini tunakuwa mawindo. Simu zetu zote tatu, yake, ya Dada na yangu, popote zilipo hurudi nyumbani kwanza kwa njia ya chini kwa chini aliyoichimba mwenyewe ndani ya mtandao, zikakaguliwa na Mlinzi, ndipo ziende duniani. Mimi niko dukani nafunga mikate, simu yangu iko nyuma ya friji. Alipotueleza jambo hilo tulimwona mkubwa sana.

Sasa, Dada. Dada alikuwa anashona kola. Si mashati; kola tu, kwenye kiwanda cha sare, miaka nenda miaka rudi. Kola ikitoka mkononi mwake inakwenda meza ya mwingine, na shati likikamilika yeye halioni. Mwanamke ambaye nyumbani anakata gauni bila kuchora, mkasi unapita kitambaani mpaka unasikia raha, kazini alikuwa mtu wa shingo za watu wengine. Mwaka huu akasema basi. Alitaka kufungua darasa la kukata na kushona hapo hapo sebuleni, kola mpaka pindo.

Msimamizi wake kiwandani, mama mmoja wa maneno machache, alimwambia, "Kiti chako nitakushikia mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Usipokuja nitajua umefanikiwa."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo kungekuwa na somo la kwanza, la kuonja. Watu wakija na kujiandikisha, darasa lipo. Wasipokuja, kola.

Dada alikwenda kwa Mama Picha, mwenye studio karibu na kituo cha mafuta, wakatengeneza tangazo. Hakuweka namba ya simu, maana alijua wanaume watapiga kuuliza kama ameolewa. Aliweka maelekezo ya nyumba, saa, na kitufe cha kubonyeza cha "Nitakuja". Mama Picha akaahidi kwamba tangazo litamfuata kila mtu wa mji huu anayeangalia nguo, vitambaa au harusi, popote aendapo kwenye simu yake.

Shemeji aliposikia "litamfuata" alisimama.

"Mke wangu, unajua msimamo wangu kwa mambo haya."

"Naujua," Dada akasema. "Na wewe unazijua kola."

Shemeji akatazama cherehani zilizopangwa ukutani, zimefunikwa mashuka. "Haya," akasema, na nilimwona inavyomuuma. "Kwa hili moja, liwafuate. Liwafuate mpaka jikoni."

Tangazo likatoka Jumatatu. Jumanne Dada akaanza kulitafuta. Aliangalia vitambaa, hakuna. Aliangalia magauni, hakuna. Aliangalia harusi za watu ambao hatuwajui wala hawatatualika, hakuna. Nami nikawa natafuta dukani kila mteja akipungua. Wenzangu wa pale ni wanaume wa tanuri ambao hawajawahi kutafuta gauni, kwa hiyo hawakuwa na la kunisaidia. Jirani wa kulia hakuona kitu. Jirani wa kushoto hakuona kitu. Ule ukurasa wa kuonyesha waliobonyeza "Nitakuja" ukawa unafunguka mweupe, hauna hata nukta.

Dada akampigia Mama Picha.

"Dada yangu, linakwenda vizuri mno!" Mama Picha akapaza sauti kwa furaha. "Fungua ukurasa uone."

"Nimefungua. Mweupe."

"Haiwezekani."

"Mweupe nakwambia! Kama shuka la hospitali!"

Basi tukafanya ambalo familia yoyote yenye mtaalamu ingefanya: tukamkabidhi mtaalamu. Alhamisi Shemeji aliomba ruhusa kazini. Akakagua waya mmoja mmoja kwa kile kifaa chake kinacholia kama kifaranga. Akakagua ruta. Akakagua simu zote tatu, akazizima, akaziwasha. Na kwa kuwa ni mtu wa haki, akatoka nje ya geti, akatembea mpaka barabarani akiwa ameinua simu juu, asije akailaumu studio ya watu kwa tatizo lililo nyumbani. Akarudi jasho linamtoka, akakaa kwenye mkono wa kiti karibu na Dada.

"Mke wangu, nimeangalia ndani na nje. Mtandao wetu ni safi kabisa. Tangazo halipo. Nasikitika kusema, yule mama ametupiga changa la macho."

Mimi nilitaka kwenda studio saa ile ile nikamwage mboga. Dada akanizuia. Hakulia, angelia ningejua la kufanya. Ijumaa alirudisha viti alivyoazima kwa jirani wa kushoto, viwili viwili, hataki kusaidiwa. Kisha akamwandikia msimamizi: "Jumatatu nakuja, mama. Nishikie kiti." Ujumbe ukaenda, jibu halikuja. Jioni ile mezani Shemeji hakusoma matokeo. Alimmenyea Dada chungwa, akalitenga vipande vipande kwenye sahani, Dada hakugusa. Nilimhurumia dada yangu, na nilimchukia kila mtu anayevaa shati lenye kola.

Jumamosi asubuhi Dada yuko jikoni na gauni lake la nyumbani lililopauka, anaosha vyombo kwa hasira. Shemeji yuko nyuma ya friji anampangusa Mlinzi vumbi, maana akiwa na huzuni husafisha vitu. Mimi nafagia. Tukasikia hodi.

Nikafungua. Kulikuwa na mama mmoja mnene, uso wa bashasha, mkoba kwapani. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine, na nyuma yao wengine, na kijana wa kiume mwenye mkasi wake mwenyewe, na foleni ilikuwa inakata kona ya ukuta.

"Ndipo hapa kwa mwalimu wa nguo?" mama akauliza, kisha akamwona Dada kwa ndani, mikono ina povu. "Ndiye yule! Jamani ndiye mwenyewe! Mwenzangu, wewe una roho gani? Umenifuata wiki nzima! Nikisoma habari, wewe. Nikiangalia mapishi, wewe. Juzi nimefungua dawa ya mende, wewe na futi yako shingoni unanichekea! Nikasema huyu hataniacha mpaka niende."

"Hata mimi!" akadakia wa nyuma yake. "Mpaka mume wangu amekujua."

Sahani ikamteleza Dada ikarudi kwenye beseni. Nyuma ya friji nikasikia kichwa cha Shemeji kikigonga ukuta.

Akatoka taratibu, kitambaa cha vumbi mkononi. "Samahani, mama. Umesema... limekufuata?"

"Limenifuata, baba!"

"Kila mahali?"

"Limebaki kuniingilia bafuni tu."

Shemeji akageuka akamtazama Mlinzi. Kisanduku kilikuwa pale pale, taa ya kijani inakonyeza kwa raha zake, kinafanya kazi kwa uaminifu. Uso wa Shemeji ukashuka.

"Amemla mke wangu," akasema.

"Nani?" mama mnene akaruka nyuma.

"Mlinzi. Wiki nzima anamla mke wangu." Akashika kichwa. "Tangazo, ukurasa wa waliobonyeza, vyote vinakaa kwenye nyumba ya watu wa matangazo, na Mlinzi nilimwambia nyumba hiyo asiifungulie. Majirani wako kwetu. Simu zetu zinarudi kwetu. Nilipokwenda barabarani... nilikwenda na mwili tu, simu ilikuwa hapa hapa!" Akatugeukia mimi na Dada, macho yamemtoka. "Na mimi nikawa nasoma matokeo, na ninyi mnapiga makofi!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilishika ufagio kwa mikono miwili nisianguke. Nilitaka kucheka, lakini nilimtazama Dada kwanza, kwa sababu Dada alikuwa anamwendea mumewe polepole huku akijifuta povu kwenye gauni, na uso wake haukusema kitu. Nikasema moyoni, leo kisanduku kinaruka dirishani, na mwenye kisanduku anakifuata.

"Nimerudisha viti," Dada akamwambia. "Nimemwandikia msimamizi. Nimeuza uhuru wangu jana saa kumi na moja, wewe mtu, kwa sababu wewe ulinambia mtandao wetu ni safi."

"Ni safi, mke wangu," Shemeji akasema kwa unyonge. "Ndiyo shida yenyewe."

Na hapo simu ya Dada ikaita juu ya meza. Msimamizi. Dada aliipokea kama mtu anayepokea matokeo ya hospitali, akaibonyeza sauti ya nje kwa kidole chenye maji.

"Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, sikuuelewa," msimamizi alisema bila salamu. "Unarudi kufanya nini?"

"Mama, mimi..."

"Mimi nikiwasha simu nakuona wewe. Nikizima nakuota. Nikajua huyu amefika. Kiti nimempa mtu tangu Jumatano, mwanangu, nisamehe sana, kola hakuna tena. Halafu nilitaka kuuliza, binti yangu anataka kujifunza. Nafasi ipo, au nimechelewa?"

Dada akakaa sakafuni. Akakaa tu pale jikoni, miguu imenyooka, simu mapajani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakaja, na yalipokuja sikujua tena ni ya nini, nikakaa naye nikacheka nikalia pia. Mama mnene, ambaye hakuelewa lolote kuhusu kola, akacheka kwa kutusindikiza. "Ipo, mama," Dada akafanikiwa kusema. "Mlete. Mlete sasa hivi!"

Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. "Viti!" akaamrisha. Shemeji akaruka ukuta wa jirani wa kushoto kama kijana wa sekondari, na jirani alipoona anavyobeba viti kwa mbio akatoka na suruali ya kulalia akidhani tumepata msiba. Viti havikutosha. Watu wakakalia ndoo zilizopinduliwa, masanduku ya nguo, na yale magurudumu ya mbao ya nyaya za Shemeji, ambayo kwa mara ya kwanza tangu yaingie nyumba hii yalipata kazi ya maana. Waliobaki walisimama dirishani kwa nje. Mama Picha naye akafika na kamera yake, amenuna, na Dada akamkumbatia mbele ya kadamnasi kabla hajafungua mdomo kudai heshima yake. Tulimwomba radhi wote watatu kwa mkupuo, na Shemeji alitaka kumweleza sababu, tukamnyamazisha.

Kisha Dada akatandika kitambaa mezani, bado na gauni lake lililopauka, futi shingoni, akashika mkasi. "Leo," akawaambia, "tutaanza na pindo. Kola tutafika nikishazisamehe." Wakacheka, hawakujua kwa nini inachekesha. Mkasi ukaanza kupita.

Mimi nilikuwa mlangoni nazuia watoto wa jirani wasiingie. Nikamwona Shemeji anapenya kando ya ukuta, anapita juu ya miguu ya watu, anachuchumaa pembeni ya mama mnene.

"Mama," akanong'ona. "Samahani sana. Simu yako hiyo ni ya kawaida? Ya dukani?"

"Ya dukani, baba. Ina nini?"

"Haina kitu. Ni nzuri." Nikashangaa, neno hilo sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake kwa simu ya dukani. "Naomba uangalie magauni kidogo. Hapo, kwa data yako mwenyewe."

Mama akafungua picha ya gauni. Haikupita hata pumzi moja, Dada akajaa kwenye kioo. Futi shingoni, meno yote nje, anasema njoo ujifunze kukata nguo ikukubali mwilini. Alikuwa mzuri. Sikujua kwamba alikuwa mzuri kiasi kile, na nadhani hata mwenyewe hakujua. Shemeji, mtu ambaye hajawahi kumaliza tangazo moja tangu nimfahamu, aliangalia lote mpaka mwisho, kitambaa cha vumbi amekibana kifuani kwa mikono miwili.

Likaisha. Likaja la magodoro. Mama akanyoosha kidole alifunge.

"Rudia," Shemeji akasema, na sauti ikamkatika. "La mke wangu. Rudia, tafadhali."

Mama akarudia. Alikuwa anarudia mara ya tatu Dada alipomwita mumewe kutoka mezani, amletee pini.